Gemu za mkononi: faida ya muuzaji imo kwenye betri

Mfanyabiashara wa Ukonga anayekwenda Kariakoo kununua gemu za mkononi kwa bei ya jumla hukutana na maandishi mengi juu ya boksi: idadi ya michezo, ukubwa wa kioo, rangi na kasi ya prosesa. Kipengele kinachoamua kama mtaji wake utarudi huandikwa kwa herufi ndogo, au hakiandikwi kabisa. Kipengele hicho ni betri.

Ukonga ipo kando ya Barabara ya Nyerere, baada ya uwanja wa ndege kwa anayetoka mjini. Mteja wa huku hununua mashine ili mtoto acheze hata umeme unapokatika. Mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha Februari 2024, ulikumbusha kila mwenye duka thamani ya kifaa kinachotunza chaji. Kinachozimika baada ya saa moja hurudishwa dukani, na muuzaji ndiye anayeulizwa.

Somo la 1989

Biashara hii ina mfano wa zamani ambao bado unafaa. Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Game Boy. Kioo chake hakikuwa na rangi wala taa ya nyuma, kilionyesha vivuli vinne tu. Prosesa yake ya biti 8 ilikuwa ya kawaida hata kwa wakati huo. Mbunifu wake, Gunpei Yokoi, aliamini katika kutumia vipuri vilivyozoeleka, vya bei nafuu na visivyokula umeme mwingi. Bei ya kuanzia Marekani ilikuwa karibu dola 90.

Mwaka 1990 Sega, nayo ya Japani, ilijibu kwa Game Gear, yenye kioo cha rangi na taa. Kwa macho, Game Boy haikufua dafu. Lakini Game Gear ilitumia betri sita za AA zilizodumu saa tatu hadi tano, wakati betri nne za Game Boy zilikwenda kama saa 15.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa saa 30 za kucheza, mwenye Game Boy alinunua betri nane. Mwenye Game Gear, hata zikidumu saa tano kila mara, alinunua betri 36. Mauzo yalifuata hesabu hiyo: Game Boy pamoja na toleo lake la rangi la 1998 ziliuza mashine zaidi ya milioni 118 duniani, Game Gear ikaishia karibu milioni 11.

Dar es Salaam ya miaka hiyo ilifahamu zaidi gemu za Kichina za vibao vinavyoshuka, zilizotumia betri mbili ndogo na kuandikwa 9999 juu yake. Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni hadi 1994, hivyo mashine yenye kioo chake yenyewe ilikuwa na soko.

Kilichomo ndani leo

Gemu za mkononi za bei ya chini zinazotoka China sasa ziko katika makundi mawili. La kwanza ni zile za michezo 400 katika mashine moja. Zina kioo cha inchi 3 na chipu inayoiga Famicom, mashine ya Nintendo ya 1983. Nyingi huja na waya wa kuunganisha na televisheni.

Uzuri wake kibiashara uko nyuma, chini ya kifuniko: nyingi hutumia betri ya BL-5C, ile ile ya Nokia 1100 iliyotoka 2003. Betri hiyo ikifa, mteja hahitaji kurudi kwa muuzaji, kwani fundi simu wa jirani anaweza kuwa nayo.

Kundi la pili lina kioo cha inchi 3.5, memori kadi na prosesa zinazofanana na za simu. Picha ni nzuri zaidi na bei ni ya juu zaidi, lakini betri hukaa ndani na kuibadili huhitaji bisibisi na fundi anayejua kazi.

PSP za Sony zilizotumika zinadai uangalifu wa pekee. Mashine hiyo ilitoka Japani Desemba 2004 na uzalishaji wake ulikoma 2014. Betri zake hutoka nje kwa urahisi, lakini za asili sasa ni za zamani na baadhi huvimba.

Betri ya kubadilishwa nayo si kinga kamili. Agosti 2007 Nokia ilitoa tahadhari kuhusu BL-5C milioni 46 zilizotengenezwa na Matsushita, kwa kuwa baadhi zilipata joto kali wakati wa kuchajiwa. Kama za asili zilifika huko, za bandia zinahitaji macho zaidi.

Hesabu ya dukani

Chukua mfano wa hesabu tu, usiotokana na bei ya soko. Mtu ananunua mashine 20 kwa shilingi 30,000 kila moja, jumla 600,000, na kuuza kwa 36,000. Zikiuzwa zote anapata faida ya 120,000. Tatu zikirudi kwa ubovu wa betri na akarudisha fedha, mauzo ni 612,000 na faida imeshuka hadi 12,000. Zikirudi nne, mauzo ni 576,000. Hapo ameingia hasara ya 24,000, kabla ya nauli na kodi ya fremu.

Kwa hiyo ni busara kununua mashine moja kwanza, kuichaji na kuicheza hadi izime, na kurudia kwa siku kadhaa huku ukipima saa na kushika mgongo wake kama unapata joto. Mashine hiyo moja ni gharama ndogo kuliko nne zinazorudi.

Anayeagiza mwenyewe ajue kwamba mashine za gemu za video zina kifungu chao cha forodha, 9504.50, na betri za lithiamu zina chao, 8507.60. Kodi ya ongezeko la thamani Tanzania Bara kwa kawaida ni asilimia 18. Anayerudi na betri za akiba kwa ndege lazima azibebe kwenye mzigo wa mkononi, kwani haziruhusiwi kwenye mizigo inayokabidhiwa.

Ulaya imeanza kuona umuhimu wa jambo hili. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1542 inataka betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe kuanzia Februari 18, 2027. Mfanyabiashara wa Ukonga hana haja ya kusubiri tarehe hiyo. Afungue kifuniko cha nyuma leo, asome namba ya betri, kisha aulize kwa fundi simu kama inapatikana. Jibu la fundi ndilo limwongoze kuagiza.