Laini ipi ya simu kwa dereva wa masafa marefu? Tazama njia kwanza, bei baadaye

NALUFENYA, JINJA – Lori lililotoka Mombasa likifika hapa Nalufenya limeshavuka mpaka wa Malaba na kukata zaidi ya kilomita 100 ndani ya Uganda. Mbele yake liko daraja jipya la Mto Nile, lenye urefu wa mita 525, lililofunguliwa Oktoba 2018. Baada ya daraja ni Njeru, msitu wa Mabira, kisha Kampala.

Dereva anayeegesha hapa kupata chai na kukagua matairi ana kazi nyingine: kujibu simu. Tajiri wa gari anauliza limefika wapi. Mwenye mzigo anauliza litashusha saa ngapi. Wakala wa forodha anataka namba ya hati. Nyumbani wanauliza ada ya shule. Kama laini aliyo nayo haishiki, wote hao wanabaki kubahatisha.

Kwako mfanyabiashara, kubahatisha ni hasara. Mwenye vitunguu asiyejua gari limekwama wapi hawezi kutafuta gari la pili. Mwenye saruji aliyekodi vibarua wa kushusha atawalipa hata kama lori halijafika. Ndiyo maana swali la dereva achague mtandao gani linakuhusu hata kama hujawahi kushika usukani.

Kampuni hazifuati barabara

Kosa la kwanza la madereva wengi wapya ni kuchagua laini kwa bei ya bando. Bando la bei rahisi Jinja halina faida kama kampuni yenyewe haipo unakokwenda.

Tazama ramani. MTN ina mtandao wa simu Uganda, Rwanda na Sudan Kusini, lakini Kenya na Tanzania haina mtandao wake wa simu za mkononi. Airtel iko Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo, lakini Sudan Kusini haipo. Safaricom ndiyo yenye nguvu Kenya, na ukivuka Malaba unaitumia ukiwa mgeni kwenye minara ya wengine. Ukienda Juba utakuta MTN, Zain na Digitel. Ukielekea Bujumbura utakuta majina mengine kabisa, kama Lumitel na Econet Leo.

Kwa hiyo jibu linatokana na njia. Dereva wa Mombasa hadi Kigali kupitia Kampala anaweza kutumia Airtel na kukuta kampuni dada katika kila nchi anayopita. Dereva anayepakia Mbale na kupanda Soroti, Lira na Gulu hadi Elegu na Juba atafaidika zaidi na MTN, kwa kuwa ipo pande zote mbili za mpaka ule. Anayezunguka kati ya Mombasa na Malaba atabaki na Safaricom, maana huko M-Pesa ndiyo mkoba wa kila mtu.

Mbale ina somo lake. Anayepakia kahawa au mahindi kwenye miteremko ya Mlima Elgon anajua kwamba mlima ni ukuta hata kwa simu. Mawimbi hayapiti ndani ya mwamba, na kona moja ya barabara inaweza kukuficha mnara uliokuwa unauona dakika tano zilizopita. Huko usiulize kampuni ipi ina matangazo mengi. Muulize mwenye duka wa kijiji anakopakia dereva wako ni laini gani hushika usiku, wakati hakuna mtu wa kumuazima simu.

Mpaka umepungua, haujaisha

Wenye umri watakumbuka kampuni ya Celtel, ambayo mwaka 2006 iliunganisha wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania wakapiga simu nje ya nchi kama wako nyumbani. Celtel ikageuka Zain, na mwaka 2010 mitandao hiyo ikawa ya Airtel.

Hatua kubwa zaidi ilitoka kwa serikali. Kati ya mwisho wa 2014 na mwanzo wa 2015, Kenya, Uganda na Rwanda ziliondoa malipo ya kupokea simu kwa mteja aliyevuka mpaka na kuweka kikomo kwa gharama ya kupiga. Sudan Kusini ikaingia katika mpango huo. Kabla ya hapo, dereva aliyepigiwa na tajiri wake akiwa nje ya nchi alikatwa pesa kwa kupokea tu, na wengi walizima simu. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa malalamiko kwamba dereva hapatikani.

Lakini mpango huo ulilenga maongezi. Intaneti ni hesabu nyingine. Simu ya kisasa iliyoachwa iite data nje ya nchi yake inaweza kumaliza salio kwa picha chache za WhatsApp. Tena pale Malaba na Busia simu inaweza kushika mnara wa upande wa pili wakati gari bado liko upande huu. Dawa ni kuingia kwenye mpangilio wa simu, kuzima data ya nje ya nchi, na kuchagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu ichague yenyewe.

Hifadhi pia namba zote kwa alama ya kujumlisha na namba ya nchi: +256 kwa Uganda, +254 kwa Kenya, +250 kwa Rwanda, +211 kwa Sudan Kusini. Namba ya wateja wako wa Mbale iliyohifadhiwa kwa sifuri haitampata mtu huyo dereva akiipiga kwa laini ya Kenya akiwa Nakuru.

Laini ni yako au ya mwenzako?

Hapa ndipo pesa hupotelea. Uganda ilianza kusajili laini mwaka 2012, na mgeni huombwa pasipoti. Dereva aliyevuka kwa kitambulisho tu hushawishika kununua laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Inafanya kazi vizuri mpaka siku inapoibwa au kufungwa. Siku hiyo hawezi kuirudisha, na pesa ya dizeli iliyomo ndani, kwa mujibu wa sajili, ni ya mtu asiyemjua.

Mfanyabiashara, kabla ya kutuma pesa angalia jina linalotokea kwenye simu yako. Kama si la dereva, uliza. Usione haya.

Kumbuka pia kwamba kutoa pesa za simu Uganda kuna kodi ya asilimia 0.5 juu ya ada ya wakala. Kwa safari moja ni kidogo, kwa mwaka mzima ni matairi. Ukitaka kutuma kutoka Kenya, M-Pesa hufikisha pesa kwenye simu za Uganda, lakini linganisha kiwango cha kubadilishia fedha na kile cha mpakani kabla hujabonyeza namba ya siri.

Na usimwachie dereva simu peke yake. Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Uganda kwa siku kadhaa na wengi wakashindwa kutuma wala kutoa pesa kwa simu. Aliyekuwa na noti chache mfukoni alijaza mafuta akaendelea. Wengine walilala walipokuwa.

Lakiri haizungumzi

Wapo matajiri wanaosema hayo yote yamepitwa, kwa kuwa mzigo wa kupita siku hizi hufungwa lakiri ya kielektroniki. Mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda huufuatilia kwa pamoja tangu 2017. Ni kweli. Lakini lakiri itasema gari limesimama Iganga. Haitasema kama ni pancha, ugonjwa au ugomvi. Hilo utalisikia kwa dereva, kama anapatikana.

Mwaka 2020, wakati wa korona, nchi za Jumuiya zilileta programu ya simu ya kufuatilia madereva na majibu ya vipimo vyao. Dereva mwenye katochi peke yake alijikuta nyuma ya foleni. Tangu hapo, simu ya kisasa yenye laini mbili imekuwa kifaa cha kazi kama jeki. Katochi ibaki kwenye droo ya gari, imejaa chaji, kwa ajili ya usiku ambao ile kubwa itazimika.

Ushauri wa kubeba ni mfupi. Laini moja iwe ya kudumu, yenye jina la dereva, ambayo nyumbani na tajiri wanaijua na haibadiliki. Ya pili iwe ya njia, ichaguliwe kwa nchi anayokwenda. Nawe mwenye mzigo, siku ya kupakia, chukua namba zote mbili pamoja na ya tanboi, uzipige zote tatu hapo hapo kabla gari halijawasha. Ile isiyoita ishughulikieni mkiwa bado mmesimama pamoja uani.