Mieleka ya Burudani Nayo Haina Budi Kuwa na Sheria

Apitaye Igogo wakati wa jioni, pale nyumba zilipojipachika juu ya majabali na vijia vikateremka kuelekea bandari ya Mwanza Kusini, hakosi kuwakuta watoto walioacha mpira wakashikana viuno. Mmoja hujiita kwa jina la bingwa wa Marekani, mwenziwe hupiga mkono chini akihesabu moja, mbili, tatu, na wa tatu hupanda juu ya jiwe akajirusha. Mafunzo hayo hawakuyapata shuleni. Wameyapata katika televisheni na katika vile vibanda vya kuonyeshea picha ambavyo wateja wenyewe huviita vibanda umiza. Watu wazima hucheka wakapita. Sisi tunaona kwamba jambo hili linastahili kuzungumzwa kwa makini, maana wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Hatuandiki ili kuupiga vita mchezo huu. Tungefurahi sana siku ambayo vijana wa Igogo, pamoja na wenzao wa Ukerewe, Ukara na Kome, wataunda ligi yao ya mieleka ya burudani, ya ridhaa na isiyo ya malipo. Vijana wa ziwa hili wana mikono iliyokomazwa na makasia na nyavu, nao hawakosi vipaji vya kuchekesha na kusisimua. Lakini tunathubutu kusema kwamba ligi hiyo isianze kwa kutafuta mavazi na majina ya kutisha. Ianze kwa kuandika sheria.

Kwanza yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Ipo mieleka ya mashindano, ile inayochezwa katika Michezo ya Olimpiki. Hiyo ina mtindo wa Kigiriki na Kirumi, ambao mchezaji haruhusiwi kumshika mwenziwe chini ya kiuno wala kutumia miguu kumwangusha, na mtindo huria, ambao miguu inaruhusiwa. Wanawake waliingizwa katika mieleka ya Olimpiki mwaka 2004, nao hucheza mtindo huo wa pili. Pambano huwa na vipindi viwili vya dakika 3, na mapumziko ya sekunde 30 katikati, ndani ya duara lenye upana wa meta 9. Anayebanwa mabega yote mawili chini amekwisha kushindwa. Kadhalika, anayetanguliwa kwa alama 10 katika mtindo huria, au alama 8 katika ule wa Kigiriki na Kirumi, pambano lake husimamishwa. Hapo kila mtu hupigania ushindi, na matokeo hayajulikani na yeyote.

Ya pili ni mieleka ya burudani. Humo mshindi amekwisha kupangwa, na kazi ya wachezaji wawili ni kuwasimulia watazamaji kisa kwa kutumia miili yao. Mwaka 1989 wawakilishi wa kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani walikiri mbele ya Baraza la Seneti la jimbo la New Jersey kwamba mapambano yao si mashindano ya kweli bali ni burudani. Walifanya hivyo ili waepukane na usimamizi wa tume za michezo na gharama zake. Siri iliyotunzwa kwa miaka mingi ikawekwa mezani kwa sababu ya fedha.

Wako watakaouliza: ikiwa matokeo yamepangwa, sheria za nini? Hapa ndipo ilipo hoja yetu yote. Katika mieleka ya mashindano kila mchezaji huilinda shingo yake mwenyewe. Katika mieleka ya burudani mchezaji hujilegeza, akakubali kunyanyuliwa, na kwa dakika hiyo shingo yake imo mikononi mwa mwenziwe. Amana ya namna hiyo haiwezi kuachwa itegemee mazoea au ushabiki wa umati. Kwa sababu hiyo mieleka ya kuigiza inahitaji sheria kali zaidi kuliko mieleka ya kweli.

Ushahidi tunao, nao hautoki kwa wanagenzi. Mwezi Agosti 1997 mchezaji mashuhuri Owen Hart alimgeuza mwenziwe Steve Austin kichwa chini, miguu juu, akamshusha. Kwa kosa la kipimo tu kichwa kilitangulia kugonga sakafu. Austin aliumia shingo na kwa muda akashindwa kuvisogeza viungo vyake. Wote wawili walikuwa mafundi waliobobea, na mbinu yenyewe walikuwa wameijua kwa miaka mingi. Tarehe 23 Mei 1999, huko Kansas City, Owen Hart huyo huyo alikuwa akishushwa kwa kamba kutoka darini ili aingie ulingoni kwa mbwembwe. Kifungo kikafunguka, akaanguka kutoka urefu wa zaidi ya meta 20, akafariki dunia. Kampuni ile ilikuwa na fedha, vifaa na wataalamu. Kijana wa Igogo ana jiwe la kurukia.

Hatuna haja ya kuiga kila kitu kutoka mbali. Ng'ambo ya ziwa hili hili, huko Mukono nchini Uganda, vijana katika miaka ya karibuni wamekuwa wakicheza mieleka ya burudani katika ulingo wa udongo laini uliozungushiwa mianzi. Hawakungoja godoro la kigeni. Waliitafuta ardhi isiyoumiza. Nasi tunao mchanga wa ufukweni. Ukichekechwa mawe na kujazwa katika shimo lenye kina cha magoti, huo ni ulingo mzuri kuliko mbao zilizotandikwa juu ya jabali.

Hata ushindani wa kuvutia watu si mgeni kwetu. Wasukuma wanavyo vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake ni waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Katika sherehe za Bulabo huko Bujora, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, vikundi hasimu hucheza kwa wakati mmoja, na ushindi huwa wa kikundi kilichowavuta watazamaji wengi zaidi. Huyu huleta chatu, yule huleta kichekesho. Umati wenyewe, kwa kuhama upande mmoja kwenda wa pili, ndio mwamuzi. Vizazi vimeshindana hivyo bila ya kuhitaji kuvunjana mbavu ili kumjua bingwa.

Kutokana na hayo, tunapendekeza aina tatu tu za mapambano kwa ligi inayoanza. Ya kwanza ni pambano la mmoja kwa mmoja. Mshindi ni yule anayembana mwenziwe mabega yote mawili chini mpaka mwamuzi apige mkono mara tatu, au yule ambaye mpinzani wake amesalimu amri. Anayetoka nje ya ulingo asirudi kabla ya hesabu ya kumi ameshindwa, na anayegusa kamba sharti aachiwe mara moja. Ya pili ni pambano la wawili kwa wawili, la kupokezana. Mmoja tu wa kila upande huwa ndani, naye hatoki mpaka amguse mkono mwenziwe aliyesimama kwenye pembe yao. Aina hii inafaa sana kwa wanaojifunza, kwa kuwa aliyechoka hupata nafasi ya kupumua, na uchovu ndio mama wa ajali.

Ya tatu ni pambano la wengi. Huko Marekani shindano maarufu la aina hiyo lilianza mwaka 1988 kwa wachezaji 20, kisha likawa la wachezaji 30, na anayetupwa juu ya kamba ya juu akaangukia sakafuni ndiye anayetolewa. Kwetu kanuni hiyo haifai hata kidogo. Sakafu ya Igogo ni jabali. Badala yake, ichorwe duara, na yeyote ambaye mguu wake utakanyaga nje ahesabiwe kuwa ametoka. Wachezaji nao wasizidi wanane kwa wakati mmoja, ili mwamuzi awaone wote.

Mapambano ya ndani ya ngome ya chuma, ya ngazi, ya meza na viti, pamoja na yale ya kumwaga damu, yapigwe marufuku bila ya mjadala. Kadhalika ipigwe marufuku mbinu yoyote inayomshusha mtu kwa kichwa au shingo, kabali ya kukata pumzi, na kuruka kutoka mahali palipozidi kimo cha kiuno. Asiingie ulingoni aliye chini ya miaka 18, ambaye kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 bado ni mtoto. Iwepo ishara moja ya mkono inayojulikana na wote, ambayo mchezaji akiitoa maana yake ni kwamba ameumia kweli. Hapo mwamuzi asimamishe pambano papo hapo, hata kama umati utazomea.

Kuhusu alama, tuna pendekezo ambalo twaomba lifikiriwe. Madhali kisa kizuri hutengenezwa na watu wawili, alama za ligi wapewe wote wawili, kwa kadiri ya shangwe ya watazamaji na maoni ya waamuzi. Atakayemwumiza mwenziwe anyang'anywe alama zake, hata kama ndiye aliyepangiwa ushindi. Kwa njia hiyo kijana atajifunza kwamba sifa yake imo katika kumrudisha mwenziwe nyumbani akiwa mzima.

Ndugu zetu wa visiwani wana sababu ya pekee ya kulishika neno hili. Aliyeumia uti wa mgongo akiwa Igogo hufikishwa Hospitali ya Bugando kwa muda mfupi. Aliyeumia akiwa Ukara sharti avuke maji hadi Bugolora, asafirishwe hadi Nansio, kisha avuke tena kwa saa kadhaa hadi Mwanza. Safari ndefu ya namna hiyo ni hatari kwa shingo iliyovunjika. Kwa hiyo mapambano ya ligi yakusanywe mahali penye tabibu, na visiwani yafanywe mazoezi mepesi tu. Ratiba nayo ifuate mwezi. Wavuvi wa dagaa hutega usiku wa giza kwa taa zao, na mbalamwezi inapong'aa hupumzika. Siku hizo ndizo za kuchezea, kwani mvuvi hatapoteza riziki yake, wala hataingia ulingoni akiwa hajalala.

Kwa viongozi wetu wa serikali tuna ombi moja kubwa. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na Baraza la Sanaa la Taifa kwa sheria ya mwaka 1984. Mieleka ya burudani ni mchezo kwa jasho lake na ni sanaa kwa kisa chake. Tunachelea kwamba vijana watakaokuja kujiandikisha watatumwa ofisi hii, na ofisi hii iwarudishe ile, mpaka wakate tamaa na kucheza kichochoroni bila ya usimamizi. Maofisa wa michezo na wa utamaduni wa wilaya za Nyamagana na Ukerewe wakae meza moja, waamue mapema nani atapokea kitabu cha sheria, nani atakagua ulingo, na nani ana mamlaka ya kuzuia pambano.

Jambo jingine ni kamari. Pambano ambalo mshindi wake amepangwa halifai kuchezewa fedha, kwa kuwa wanaojua matokeo watawaibia wasiojua. Ligi itangaze wazi kwamba ni maonyesho, na wanaohusika na usimamizi wa michezo ya kubahatisha wahakikishe kwamba hakuna anayelichezea dau. Mtazamaji aliyeambiwa ukweli hapungukiwi na raha. Aendaye kutazama mchezo wa kuigiza anajua kuwa mfalme wa jukwaani si mfalme, na bado hulia anapouawa.

Tunamaliza kwa kuwakumbusha wazazi wa Igogo kwamba yule mtoto aliyepanda juu ya jiwe jioni ya leo hangojei ligi wala kibali. Ateremshwe kwanza. Kisha wakubwa wamwandalie mchanga, mwamuzi na sheria, ili atakapofikia umri wa kuingia ulingoni, awe na shingo nzima ya kuingia nayo.