Jaa la Kiteezi na Mipaka ya Mamlaka
Makala hii inadai kwamba kasasiro, kama Waganda waitavyo taka, ni suala la mipaka ya utawala kabla ya kuwa suala la magari na mapipa. Jaa la Kiteezi, lililofunguliwa mwaka 1996, lilipokea taka za jiji la Kampala ilhali limo katika Wilaya ya Wakiso. Mkazi wa hapo akimlalamikia diwani wake, humlalamikia mtu asiye na mamlaka juu ya jaa. Mwenye mamlaka hahitaji kura yake. Basi jaa liliendelea kumwagiwa taka hata baada ya kujaa. Tarehe 10 Agosti 2024 liliporomoka, likafukia nyumba jirani na kuua watu zaidi ya 30, wakiwemo watoto. Mvua, bila shaka, ililaumiwa.