UFAFANUZI KUHUSU KIPIMO CHA ULTRASAUNDI KWA WENYE MARADHI YA VIUNGO

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Misungwi, pamoja na wakazi wa visiwa na mialo ya Ziwa Victoria kwa jumla, wanaelezwa kwamba mashine ya ultrasaundi, ambayo wengi wanaijua kwa kazi yake ya kumtazama mtoto tumboni mwa mama, inaweza pia kutazama ndani ya vidole, viwiko, magoti na vifundo vya miguu. Kwa njia hiyo tabibu huweza kujua kama kiungo kinachouma kimo katika mchochota, yaani uvimbe wenye joto na maumivu, ama kinauma kwa sababu nyingine. Jambo hili si dogo. Yako maradhi ya viungo ambayo yasipotambuliwa mapema huipinda mikono ya mgonjwa, na mkono uliokwisha kupinda kwa sababu mfupa umelika haurudishwi na dawa yoyote.

Kabla ya kuieleza mashine yafaa kwanza kusema neno juu ya jina. Lugha yetu ina jina la baridi yabisi, na jina hilo limewapoteza wengi. Yabisi ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ni kikavu. Kwa hiyo anayesikia jina hudhani kwamba ugonjwa umeletwa na baridi na ukavu: upepo wa ziwani usiku, umande wa alfajiri katika majaruba ya mpunga, au kusimama majini wakati wa kuvuta nyavu. Hali halisi ndani ya kiungo ni kinyume kabisa. Kiungo chenye mchochota kina joto, tena kimejaa majimaji. Baridi huweza kumzidishia mgonjwa maumivu, lakini haiuanzishi ugonjwa. Aidha, chini ya jina hilo moja watu wamekusanya maradhi mengi yasiyofanana wala kutibiwa kwa njia moja.

Kuna kuchakaa kwa gegedu za magoti na nyonga kwa wazee na kwa waliobeba mizigo mizito miaka mingi. Kuna jongo, ambalo hutokana na chembechembe za asidi ya yuriki kuganda ndani ya kiungo, na mara nyingi huanzia dole gumba la mguu usiku wa manane. Kuna kifua kikuu cha mifupa. Watoto nao hupata homa ya viungo ifuatayo maumivu ya koo, nayo huweza kuharibu vali za moyo; na katika Kanda ya Ziwa, ambako sikoseli ni nyingi kuliko sehemu nyingi za nchi, maumivu ya mifupa ya mtoto hayana budi kumkumbusha mzazi ugonjwa huo pia.

Ugonjwa unaohusika zaidi na maelezo haya ni ule ambao kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, hugeuka na kuushambulia utando laini unaozunguka kiungo kwa ndani. Huwapata wanawake takriban mara 3 kuliko wanaume, na wengi wao wamo katika umri wa kufanya kazi. Dalili zake ni kuvimba kwa vifundo vidogo vya vidole na viganja, aghalabu mikono yote miwili kwa pamoja, na kukakamaa kila asubuhi kwa muda wa nusu saa, saa nzima au zaidi kabla ya vidole kukunjuka. Mwalimu hushindwa kushika chaki, karani hushindwa kuandika, na mama hushindwa kukamua nguo au kuchuma pamba. Wakubwa wa kazi wanaombwa kuzingatia kwamba mtumishi wa namna hii huweza kuonekana mzima kabisa ifikapo saa sita mchana, ilhali saa mbili asubuhi hakuweza kufunga kifungo cha shati. Huo si uvivu, na kumwandikia barua ya onyo hakumponyi.

Sasa kuhusu mashine yenyewe. Sikio la binadamu husikia sauti isiyozidi mitetemo 20,000 kwa sekunde. Sauti iliyo juu ya hapo hatuisikii, ila mwangwi wake unaweza kupokewa na chombo. Wakazi wa Mwanza wanao mfano wa karibu: watafiti wa uvuvi wamekuwa wakipita ziwani na vyombo vinavyopeleka sauti chini ya maji na kupokea mwangwi wake, ili kukadiria wingi wa sangara na dagaa bila kutupa wavu. Ultrasaundi ya hospitali hutumia kanuni hiyo hiyo. Mtaalamu hupaka jeli juu ya ngozi ili hewa isizuie sauti, huweka kishikizo cha mashine, na mwangwi unaorudi kutoka katika nyama, majimaji na mfupa hugeuzwa kuwa picha. Majimaji huonekana meusi, mfupa huonekana kama mstari mweupe unaong'aa, na utando uliovimba huonekana wa kijivu ukiwa umejaza nafasi ambayo ilipasa kuwa nyembamba.

Hapa kuna tofauti ambayo yafaa kuijua kabla ya kufunga safari. Kishikizo cha kumtazama mtoto tumboni hutumia mitetemo ya kati ya milioni 2 na 5 kwa sekunde, kwa sababu lazima sauti ifike mbali ndani. Kidole hakina kina, bali kina vitu vidogo vidogo. Kwa hiyo huhitaji kishikizo bapa chenye mitetemo milioni 10 au zaidi, ambacho hakifiki mbali lakini huona kwa usahihi mkubwa. Hospitali huweza kuwa na ultrasaundi nzuri kwa wajawazito na isiwe na kishikizo hicho, au iwe nacho lakini isiwe na mtu aliyefundishwa kukitumia kwa viungo. Mgonjwa asishangae wala asione amedharauliwa anapoambiwa hivyo.

Sehemu ya pili ya kipimo ni ile ya rangi. Mwaka 1842 mwanasayansi wa Austria, Christian Doppler, alieleza kwamba mawimbi hubadilika kitu kinachoyatoa kinaposogea. Kila mtu aliyesimama kando ya barabara amesikia jinsi honi ya basi inavyobadilika sauti basi linapopita. Damu nayo husogea, na mashine huitambua kwa mabadiliko hayo na kuipaka rangi. Utando wa kiungo kizima hauonyeshi rangi au huonyesha kidogo mno, lakini utando wenye mchochota huwaka kwa vidoa vingi vyekundu, kwa kuwa mishipa mipya ya damu imeota ndani yake. Tangu miaka ya 1990 matabibu wamekuwa wakiitumia rangi hiyo kupima nguvu ya ugonjwa, na siku hizi huitolea alama kutoka 0 hadi 3.

Wengi watauliza: je, eksirei haitoshi? Eksirei huonyesha mfupa vizuri, lakini haionyeshi utando, na mara nyingi huonyesha kidonda cha mfupa baada ya madhara kuwa makubwa. Utafiti wa madaktari wa Leeds, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta kwamba katika vifundo vya vidole vya wagonjwa wapya ultrasaundi iliona vidonda vya mfupa zaidi ya mara 6 ya vile vilivyoonwa na eksirei. Katika jongo vilevile, mashine huweza kuonyesha chembechembe zilizotandaa juu ya gegedu kama mstari wa pili sambamba na ule wa mfupa. Na pale tabibu anapotaka kuvuta majimaji ya kiungo kwa sindano, humwonyesha ncha ya sindano ilipo badala ya kukisia.

Hata hivyo isichukuliwe kwamba mashine hii inajua kila kitu. Haipenyi mfupa. Matokeo yake hutegemea mno mkono na jicho la anayeitumia. Watu wazima wasio na ugonjwa, hasa wanaolima kwa jembe la mkono, huweza kuwa na majimaji kidogo katika viungo, na kuwapa dawa kali kwa sababu ya picha peke yake ni kosa. Tafiti mbili, moja ya Scotland na nyingine ya Norwei iliyochapishwa mwaka 2016, zililinganisha wagonjwa waliotibiwa kwa kufuata ultrasaundi na wale waliotibiwa kwa kukaguliwa vizuri na tabibu, na faida ya ziada iliyotazamiwa kutokana na mashine haikuonekana. Kwa maoni yetu habari hiyo ni njema kwa wilaya kama yetu, maana tabibu anayebonyeza vifundo vyote vya vidole kwa uangalifu na kuuliza asubuhi ya mgonjwa ilikuwaje, tayari amefanya kazi kubwa. Mashine inafaa zaidi pale mambo yanapokuwa na shaka. Kipimo cha damu nacho hakikati shauri, kwani baadhi ya wagonjwa hawaonyeshi dalili katika damu, na wako wenye maambukizo ya muda mrefu ambao damu yao huonyesha dalili bila ya kuwa na ugonjwa huu.

Wazee wa kandokando ya Ziwa yamkini wanakumbuka homa ya o'nyong'nyong iliyoanza kaskazini mwa Uganda mwaka 1959 na kuenea Afrika Mashariki hadi ikawapata watu wapatao milioni 2. Jina hilo ni la Kiacholi na linataja kulegea kwa viungo. Nayo chikungunya, iliyotambuliwa kwanza kusini mwa nchi yetu katika miaka ya 1952 na 1953, ilipewa jina la Kimakonde lenye maana ya kupinda. Homa hizi mbili huenezwa na mbu. Tunazitaja kwa sababu si kila uvimbe wa viungo ni ugonjwa wa maisha: mingi ya namna hiyo huondoka yenyewe, ingawa chikungunya huweza kukawia miezi. Uvimbe unaopita wiki 6 ndio unaodai uchunguzi kamili.

Kuna jambo moja lisilongojea wiki 6 wala ultrasaundi. Mtoto au mtu mzima ambaye kiungo kimoja kimevimba ghafla, kina moto, hakiguswi, naye ana homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Huenda kina usaha, na usaha huharibu gegedu kwa muda wa siku chache.

Kuhusu dawa, wananchi wanatahadharishwa juu ya vidonge vya prednisoloni na deksamethasoni vinavyonunuliwa madukani bila cheti. Humwondolea mgonjwa maumivu kwa siku mbili, akadhani amepona, huku ugonjwa ukiendelea kula mfupa. Na vikitumiwa muda mrefu huleta kisukari, huidhoofisha mifupa na kuipunguza kinga ya mwili. Aliyevitumia kwa wiki nyingi asiviache ghafla, bali amweleze tabibu ampunguzie taratibu. Dawa hizi, pamoja na zile za kutuliza maumivu, huweza pia kuifisha rangi katika picha, kwa hiyo mpimaji aambiwe kila kilichomezwa, dawa za miti shamba zikiwamo. Dawa inayotumika sana kuuzuia ugonjwa wenyewe ni methotreksati, na hapa pana hatari ya kipekee: kwa ugonjwa wa viungo humezwa MARA MOJA KWA WIKI, si kila siku. Wako watu duniani waliokufa kwa kuimeza kila siku. Ichaguliwe siku moja, iandikwe juu ya pakiti, na mjamzito au anayetarajia kushika mimba asiitumie.

Utaratibu wa kufuata ni ule wa kawaida wa rufaa. Mgonjwa huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, na akihitajika kupelekwa mbele huandikiwa barua kwenda hospitali ya mkoa ya Sekou Toure au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971. Matabibu waliobobea katika viungo ni wachache mno nchini, na kwa sababu hiyo inashauriwa barua ieleze wazi ni viungo vipi vimevimba, tangu lini, na asubuhi hukakamaa kwa muda gani. Wanaotoka ng'ambo ya Ghuba kuja Mwanza wamepata nafuu tangu daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, lakini wa visiwani bado wanategemea meli. Ni vema wakauliza mapema siku ya kipimo kabla ya kukata tiketi. Mwenye kadi ya bima aulize pia kama kipimo hiki kimo katika fao lake.

Kipimo chenyewe hakihitaji kufunga kula, hakina mionzi na hakiumi, ila pale kishikizo kinapogusa kiungo kilichovimba. Mgonjwa avae nguo yenye mikono mipana, avue pete na bangili nyumbani kama zinavuka, na achukue picha zake zote za zamani za eksirei.