Fremu ya Kaboni Isiyo na Jina: Yafaa Kununuliwa?

Ndugu msomaji, utakumbuka kwamba mwezi wa Septemba mwaka 2025 mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli barabarani yalifanyika mjini Kigali, nchini Rwanda, na kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika katika bara letu la Afrika. Waliopata nafasi ya kuyatazama waliwaona wapanda baiskeli wakiukwea mlima wa Kimihurura, uliotandikwa mawe, juu ya baiskeli ambazo mtoto wa shule aweza kuzinyanyua kwa mkono mmoja. Sisi tuliozoea Phoenix nyeusi yenye uzito wa kilo 20 hivi tulibaki vinywa wazi.

Tangu hapo nimeulizwa mara kwa mara, kazini na mtaani, kama mtu mwenye mshahara wa kawaida aweza kujipatia baiskeli ya namna hiyo. Jibu langu ni kwamba aweza, ikiwa yu tayari kununua fremu ya kaboni isiyo na jina la kampuni yo yote, kutoka China, kisha akaiunga mwenyewe au kwa msaada wa fundi. Lakini jambo hili lina mitego yake, na baadhi ya mitego hiyo haili fedha tu, bali huvunja shingo.

Kwanza tufahamiane kuhusu kaboni yenyewe. Kaboni si madini ya kuyeyushwa na kumiminwa kama chuma au alumini. Ni nyuzi nyembamba kuliko unywele wa binadamu, zinazopangwa kama kitambaa na kuloweshwa katika gundi ya epoksi. Kitambaa hicho hukatwa vipande mamia kadhaa, na wafanyakazi, kwa mikono yao, huvipanga kimoja juu ya kingine, kila kimoja na mwelekeo wake, ndani ya kalibu ya chuma. Kisha kalibu hufungwa, hutiwa shinikizo kwa ndani na kuokwa hadi gundi igande. Basi uimara wa fremu hautokani na uzi peke yake. Hutokana na mpangilio wa vile vipande na uangalifu wa yule aliyevipanga. Kipande kimoja kikisahauliwa au kikikunjamana, kasoro yake hufunikwa na rangi, na wewe mnunuzi hutaiona.

Si jambo jipya. Mwaka 1986 Greg LeMond wa Marekani alishinda mbio za Tour de France akiwa juu ya fremu ya kaboni. Jipya ni bei, na hapo yatupasa kuzungumza habari za majina.

Kiwanda cha Giant kilianzishwa Taiwan mwaka 1972. Kwa miaka mingi kilitengeneza baiskeli zilizouzwa Marekani kwa jina la Schwinn, kampuni ya Chicago, na ni mwaka 1981 tu kilipoanza kuuza kwa jina lake chenyewe. Mnunuzi wa Chicago alijivunia baiskeli ya kwao, kumbe mikono iliyoichomelea ilikuwa ya Taiwan. Hali hiyo haijabadilika sana. Fremu nyingi za kaboni duniani, zile za majina makubwa na zile zisizo na jina, hutoka Taiwan na China bara, hasa katika miji kama Xiamen. Kalibu ni ghali, na kila saizi ya fremu yahitaji kalibu yake. Kwa hiyo viwanda vingine hubuni fremu yao, hutengeneza kalibu kwa gharama yao, kisha humuuzia kila anayetaka. Huyu atabandika jina lake, yule atabandika la kwake, nawe waweza kuipata ikiwa nyeusi tupu. Fremu hiyo pamoja na uma wake hupatikana kwa kadiri ya dola 400 hadi 700, ambapo fremu ya jina kubwa yenye uzito huo huo yaweza kufika dola 3,000 na zaidi.

Sasa tafadhali usichanganye fremu isiyo na jina na fremu yenye jina la kuibwa. Hivi ni vitu viwili mbalimbali kabisa. Wako wanaotengeneza fremu mfano wa kampuni mashuhuri za Italia au Marekani, wakapaka rangi zile zile na kubandika nembo zile zile, wakaziuza kwa robo ya bei. Mtu anayekudanganya juu ya jina lililoandikwa nje, kwa nini asikudanganye juu ya kilichomo ndani ambacho huwezi kukiona? Mimi sitaipanda, wala sitampa mwanangu aipande, hata ikitolewa bure.

Unapozungumza na muuzaji, muulize maswali bila haya. Mwombe ripoti ya majaribio ya usalama kwa kipimo cha kimataifa kiitwacho ISO 4210, na hakikisha kwamba ripoti hiyo ni ya fremu ile ile unayoitaka pamoja na uma wake, si ya dada yake. Akikuletea karatasi yenye namba nyingine, agana naye. Kama unakusudia kushindana katika mbio kubwa, jua pia kwamba Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, lilianzisha mwaka 2011 utaratibu wa kuzikagua fremu mpya na kuzipa alama ya kibali, na orodha ya zilizopita hutangazwa wazi. Wauzaji wengi hupenda kukutajia T700, T800 au T1000. Hayo ni madaraja ya nyuzi za kampuni ya Toray ya Japani, nayo ni ya kweli, lakini kumsifu fundi nguo kwa sababu kitambaa ni kizuri si kuona mshono. Na usishindanie gramu. Fremu ya gramu 1,100 yatosha sana. Ile ya gramu 750 isiyo na jina ningeiogopa, kwani sijui wamepunguza wapi. Hata mabingwa wenyewe, tangu mwaka 2000, hawaruhusiwi baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8.

Juu ya saizi, niruhusu nikiri kosa langu. Fremu yangu ya kwanza niliiagiza kwa kutazama urefu wangu na namba 56 iliyoandikwa kwenye picha. Ilipofika, nikaiunga kwa furaha, na baada ya kilomita 30 mgongo na mabega vilikuwa vikilia. Niliiuza kwa hasara, na mama watoto hakuacha kunikumbusha hasara hiyo kwa muda mrefu. Namba ya saizi hutofautiana kiwanda kwa kiwanda. Vipimo viwili ndivyo vya kuaminika. Anzia katikati ya tundu la krenki na upime kwenda juu wima hadi usawa wa ncha ya bomba la mbele. Hicho ni kimo. Kisha pima mlalo kutoka katikati ya tundu hilo hadi chini ya ncha hiyo. Hicho ndicho kinachoonyesha utajinyoosha kiasi gani. Chukua baiskeli ambayo mwili wako umeizoea, ipime hivyo kwa utepe na timazi, kisha ulinganishe na mchoro wa muuzaji. Tofauti ya sentimita moja utaihisi.

Ndugu msomaji, kabla hujatuma fedha, keti na wa nyumbani kwako mfanye hesabu. Fremu ni mlango tu, nyumba bado. Gia, krenki na breki za daraja la kati zaweza kukugharimu dola 650, magurudumu 350, na matairi, usukani, kiti na pedali 250 nyingine. Ongeza nauli ya mzigo, ushuru wa forodha, na kodi ya ongezeko la thamani ambayo kwa Tanzania Bara kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, nawe utakuwa umezipita dola 2,000. Kwa fedha hizo mtu aweza kusomesha watoto. Mwulize wakala wa forodha kwanza, si baada ya mzigo kufika. Na kama haja yako ni kwenda kazini na kurudi, au kufanya mazoezi ya Jumapili asubuhi, baiskeli ya mtumba ya alumini iliyo nzima itakutosha kwa sehemu ndogo ya gharama hiyo, na ikianguka utaona wazi palipopinda. Kaboni ni ya mwenye kushindana, au ya mwenye mapenzi aliyekwisha kutimiza wajibu wake mwingine.

Ukiamua kuendelea, chagua fremu ambayo tundu lake la krenki lina hesi za zamani, upana wa milimita 68. Zile za kushindilia beringi kwa nguvu zahitaji tundu lililochongwa kwa usahihi mkubwa, na fremu za bei nafuu mara nyingi hukosea hapo. Matokeo yake ni mlio wa kwi-kwi usiokwisha. Ila kumbuka kwamba upande wa mnyororo hesi hizo hufungwa kinyume, na mafundi wengi wamezing'oa kwa kusahau hilo. Agiza pia, siku ile ile, vipande vitatu vya akiba vya kile kikono cha alumini kinachoshikilia gia ya nyuma. Kimeumbwa kiwe chepesi kupinda ili fremu ipone, na baada ya miaka mitano huenda muuzaji wako hayupo tena.

Mzigo ukifika, usikimbilie spana. Chukua tochi umulike ndani ya mabomba uone kama kuna mikunjo au madonge ya gundi. Weka magurudumu uone kama yamekaa katikati. Pima tundu la nguzo ya kiti. Ukiona kasoro, piga picha siku hiyo hiyo kabla hujafunga hata bolti moja, maana fremu iliyokwisha kuungwa hairudishwi.

Sehemu ya kutetemekea ni uma. Bomba lake linalopita ndani ya kichwa cha fremu na kushikwa na usukani ndilo linalobeba uso wako. Bomba la chini likipasuka, huenda ukasikia mlio ukasimama. Lakini bomba la uma likikatika katika mteremko wa Kitonga, hutapata nafasi ya kujuta. Kwa hiyo, pima mara tatu ndipo ukate. Tumia msumeno wa meno madogo, zungushia utepe pale unapokata, lowesha maji, na vaa kitambaa kizito puani na mdomoni, kwani vumbi la kaboni ni baya kwa mapafu. Ndani ya bomba hilo haipigwi nyota ya chuma kwa nyundo kama katika baiskeli za chuma. Hutiwa kizibo chake maalum kinachotanuka, na kizibo hicho hubaki humo maisha yote, kikilikinga bomba lisibonyezwe na usukani. Usirundike pete nyingi za kuinua usukani kupita kipimo alichoandika mtengenezaji.

Kisha bolti. Fundi wetu wa mtaani, ambaye ujuzi wake nauheshimu, amezoea kukaza mpaka mkono ugome. Kwa kaboni, mkono ukigoma fremu imekwisha. Kila bolti ina kipimo kilichoandikwa, mara nyingi niutoni-mita 5 kwa usukani, na iko spana maalum inayolia au kuteleza kipimo kikifika. Nunueni klabu nzima spana moja mshirikiane. Nguzo ya kiti haipakwi grisi. Hupakwa dawa yake yenye punje kama za mchanga, inayoifanya ishike bila kukazwa sana. Wala fremu haibanwi kwenye jiliwa. Nilimkuta fundi mmoja ameanza kuzungusha mkono wa jiliwa juu ya bomba la juu la baiskeli yangu ya pili, nikapiga kelele hata majirani wakatoka nje. Kwa sababu hiyo hiyo, ukisafiri nayo usikubali utingo aifunge kwa kamba ya kukaza juu ya keria ya basi. Ing'oe magurudumu, uifunge kwa godoro la zamani, uiweke ndani.

Mnaokaa pwani mna adui mwingine. Alumini ikigusana na kaboni, na jasho au hewa ya chumvi ikaingia kati, alumini huliwa taratibu na kuvimba. Nguzo ya kiti ya alumini yaweza kuganda ndani ya fremu isitoke tena. Itoe kila baada ya miezi michache, uifute na kuirudisha.

Baada ya kilomita 50 za kwanza, kagua bolti zote upya. Na ukianguka, au ukigongwa na bajaji, usitazame rangi tu. Gonga mabomba kwa sarafu, pole pole, kutoka mwisho hadi mwisho; sauti kavu ikigeuka ikawa nzito kama ya mbao iliyooza, pale ndani matabaka yameachana. Pitisha kitambaa cha pamba. Kikinasa, nyuzi zimekatika. Uma uliopata pigo kubwa haufanyiwi majaribio. Hutolewa.

Na ukiutoa, usiutupe jalalani ukiwa mzima. Katika miji yetu hakuna kinachotupwa kikakosa mwenyewe, na kesho utauona uma ule ule umefungwa kwenye baiskeli ya kijana wa jirani. Ukate vipande viwili kwanza.