Umeipa simu yako jina? Tulia, hauko peke yako

Tuambiane ukweli. Ushawahi kuiomba meza msamaha baada ya kuigonga? Ushawahi kuibembeleza pikipiki asubuhi ya baridi, "waka basi, usiniangushe leo"? Kuna kikombe kwako ambacho mgeni akikishika unakasirika kimoyomoyo, ilhali kabatini kuna vingine sita? Na hiyo simu yenye kioo kilichopasuka, mbona umekataa kuibadilisha hata mwezi ule ulipopata pesa?

Kama umejibu "ndiyo" hata mara moja, makala hii ni yako. Watu wakikusikia watacheka na kukuuliza kama umeanza kurukwa na akili. Mimi nasema hivi: huna shida yoyote. Shida inaanzia kwingine, na tutafika huko.

Kiswahili kilishaamua kitambo

Unakumbuka tashihisi? Ile tamathali ambayo mwalimu wa fasihi hakuacha kuitafuta kwenye kila shairi: kitu kisicho na uhai kupewa sifa za mtu. Tuliikariri tukidhani ni mambo ya washairi, kumbe tunaitumia kutwa nzima. Betri inakufa. Simu inakula bando. Jiko linakataa kuwaka. Gari linagoma, kana kwamba lina chama cha wafanyakazi.

Lakini kuna mpaka, na mpaka wenyewe umo kwenye ngeli. Kifaru amelala, kijiko kimeanguka. Maneno yote mawili yanaanza na ki-, ila kifaru ana uhai, kwa hivyo anaingia A-WA, na kijiko kinabaki KI-VI. Sasa simama kwenye steji ya boda mtaani kwako usikilize: "Huyu amechoka, leo amepanda mlima mara kumi." Anayezungumziwa ni pikipiki. Kwenye mtihani angekatwa alama, lakini pale stejini kila mtu ameelewa. Pikipiki imehama ngeli. Siku utakapoacha kusema "imezima" na kuanza kusema "amezima", jua tayari mna uhusiano.

Wala si mambo ya kizazi chetu pekee. Lamu kuna majahazi yenye majina, na mengine yana macho kwenye omo, yaani mbele kabisa, kama kwamba chombo chenyewe kinatazama njia. Nairobi nasi tuna nganya. Kuna msee ataacha matatu tatu zipite akingoja moja tu anayoijua kwa jina, na siku ikipakwa rangi mpya atalalamika wiki nzima kama aliyeachwa.

Akili imeumbwa hivyo

Mwaka 1944 wanasaikolojia wawili, Fritz Heider na Marianne Simmel, waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi. Hakukuwa na mtu hata mmoja ndani yake. Kulikuwa na pembetatu mbili na duara moja, vikizungukazunguka karibu na kisanduku kinachofunguka kama mlango. Walipoombwa waeleze walichokiona, karibu wote walisimulia hadithi ya watu: huyu mkubwa ni mnyanyasaji, huyu mdogo ni jasiri, yule anaogopa. Kama pembetatu inaweza kuchukiwa, simu unayolala nayo kitandani itakosaje kupendwa?

Japani wamefika mbali zaidi. Mwaka 1999 kampuni ya Sony ilitoa mbwa wa roboti anayeitwa AIBO. Uundaji wake ulisimama 2006, na mwaka 2014 kampuni ikaacha hata kuwatengeneza waliokuwa wameharibika. Mafundi waliostaafu wakaanza kuwatibu wenyewe, wakitoa vipuri kwa wale ambao hawangepona. Lakini kabla ya kuwafungua, waliwapeleka kwa kasisi wa hekalu la Kibuddha mjini Isumi, akawafanyia ibada ya mazishi. Ubani, sala, mbwa wa plastiki wamepangwa kwa safu, kila mmoja na kijikaratasi cha jina la familia yake. Ndipo vipuri vikatolewa ili mwingine aishi.

Unaweza kucheka. Ila fundi yeyote wa simu pale Luthuli atakuambia kuna wateja wanaomletea simu ambayo kuitengeneza ni ghali kuliko kununua nyingine, na bado wanasema, "Fanya tu."

Kinachopendwa si plastiki

Laptopu yangu inaitwa Mzee. Nilimnunua mtumba nikiwa chuoni. Karo ilipokosekana mwaka wa pili nilitoka, naye tukatoka pamoja. Makala ya kwanza niliyowahi kulipwa niliiandika kwake, stima zimepotea, chaji imebaki asilimia 9, nikimwambia kwa sauti, "Mzee, vumilia aya mbili tu." Akavumilia. Leo kitufe cha E kimeng'oka na feni inapiga kelele kama posho mill. Ukiniambia ni mashine tu, sitabishana nawe. Lakini ndiye shahidi wa pekee wa usiku ule.

Hapo ndipo penye siri. Hatupendi chuma wala plastiki, tunapenda yale tuliyopitia na watu walioyagusa. Leso ya shosho haina thamani sokoni, lakini jaribu kumwambia mama aitupe. Sufuria iliyobonyea ambayo familia imepikia tangu mkiwa chumba kimoja haibadilishwi kirahisi na mpya inayong'aa.

Pale inapouma

Sasa tuje kwenye shida. Vijana wengi tunaishi na vitu ambavyo bado si vyetu. Pikipiki ya mkopo imebandikwa jina la mtoto, inaoshwa kila Jumapili. Ukikosa malipo, wanakuja kuichukua. Simu ya mkopo inafungwa ikiwa mkononi mwako. Anayekuja kuchukua ana namba ya akaunti, hana habari na jina. Halafu marafiki wanakuambia, "Si ni pikipiki tu, utapata nyingine." Hapana. Mtu amepoteza kazi, heshima na mwenzake wa kila siku kwa mpigo, na amekatazwa hata kuhuzunika.

Wafanyabiashara nao wanajua udhaifu huu. Yule bundi wa kijani wa Duolingo akikununia kwa sababu hujasoma, hajaumia. Ametengenezwa hivyo ili urudi. Vivyo hivyo programu za kupiga gumzo zinazokuita "mpenzi" saa nane usiku kisha zikuombe ulipie. Mzee hajawahi kuniomba chochote ila chaji.

Basi ufanyeje?

Kwanza, ukiamua kuuza chombo unachokipenda, mwachie rafiki apange bei. Kuna utafiti maarufu wa 1990 ambapo baadhi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell walipewa vikombe vya kawaida. Walipoulizwa wangeviuza pesa ngapi, walitaka karibu mara mbili ya bei ambayo wenzao wasio navyo wangelipa. Na walikuwa navyo kwa muda mfupi tu! Wewe uliyekaa na simu miaka minne utataja bei ya ndoto, na mnunuzi ataondoka.

Pili, kabla hakijaondoka, kipige picha na ubaki na kipande: kitufe, stika, kifuniko. Unachotunza ni kumbukumbu, na kumbukumbu haihitaji keja nzima.

Tatu, mtu akipoteza chombo chake, usimwambie "si ni kitu tu". Mwulize alikipata vipi. Utashangaa habari zitakazotoka, na nyingi zitakuwa za watu: nani alimchangia, nani alimfunza kuendesha, nani alikuwa akimbeba.

Nne, jipime. Leso ya shosho inakufanya umpigie mama simu? Hicho ni chombo kizuri. Lakini kama mwezi umeisha na yote yaliyo moyoni umeyaambia kioo cha simu pekee, weka simu chini utoke. Kuna mtu hapo kwenye ploti ambaye hajahitaji kubadilishwa ngeli ndiyo akusikilize.