Kabla ya kununua ruta, chunguza mtandao wa kwenu

KIPAKATALISHI kipya kikishafika nyumbani, linalofuata ni kutafuta ruta, kile kisanduku kinachosambaza intaneti bila waya. Wanunuzi wengi mjini Meru na Embu huanza kwa kumuuliza mwenye duka iwapo ruta fulani itaelewana na mashine yao. Swali hilo si baya, ila ndilo jepesi kuliko yote.

Takriban ruta zote za Wi-Fi huelewana na vipakatalishi vyote. Kizazi cha nne cha Wi-Fi kiliidhinishwa mwaka wa 2009, cha sita kikaanza kuthibitishwa 2019 na cha saba 2024, na kila kipya huundwa kikiweza kuwasiliana na vilivyokitangulia. Vizazi viwili vikikutana, hufuatwa mwendo wa kile cha zamani. Kwa hivyo mwenye kipakatalishi cha kizazi cha tano akinunua ruta ya kizazi cha saba hatakosa mtandao. Atakuwa tu amelipia kasi ambayo mashine yake haiwezi kuitumia.

Swali gumu ni hili: intaneti yenyewe itaingiaje ndani ya ruta? Hapa ndipo pesa hupotea. Katika mitaa inakopita faiba, kwa kawaida kampuni inayounganisha nyumba huja na ruta yake, na kununua nyingine kabla ya mafundi kufika ni haraka isiyo na baraka. Wenye uwezo hugeukia setilaiti. Starlink, iliyoanza kuhudumu nchini Julai 2023, huuza dishi pamoja na ruta.

Lakini panda miteremko ya Mlima Kenya kwenye mashamba ya majani chai, ama teremka hadi nyanda kavu za Mbeere, na mara nyingi kilichopo ni mawimbi ya simu pekee. Huko, ruta isiyo na nafasi ya kutia laini ni pambo la meza.

Hata yenye nafasi hiyo yafaa kuchunguzwa. Mitandao ya 4G nchini hutumia, miongoni mwa mengine, masafa ya megahazi 1,800 na 800, haya ya pili yakisifika kwa kufika mbali mashambani. Ruta zilizotengenezewa kampuni za simu za Marekani, ambazo jamaa walio ughaibuni hupenda kutuma kama zawadi, huenda zisipokee masafa ya 800, au ziwe zimefungwa zitumie laini za kampuni moja tu. Jaribu kwa laini yako papo hapo dukani, ingawa mawimbi ya Makutano si mawimbi ya kijijini. Ni heri kwanza uzunguke nyumbani na simu ya 4G, ukibadilisha laini, ujue ni kampuni gani yenye nguvu na katika chumba kipi.

Nyumba ya mawe ina taabu yake. Masafa ya gigahazi 5 yana kasi, lakini hudhoofishwa na kuta. Ya gigahazi 2.4 huzipenya vyema zaidi, japo polepole. Chagua ruta yenye yote mawili.

Mwisho ni umeme. Stima ikipotea, kipakatalishi huendelea kwa betri yake huku ruta ikizimika. Mwanafunzi mwenye mtihani wa mtandaoni atafaidika zaidi na ruta ndogo yenye betri ndani kuliko kubwa yenye antena sita.